Ngumi ya Mkono Usiokuwepo

Mkono wangu wa kulia ulikatwa chini kidogo ya kiwiko, na kuanzia siku hiyo ukakunja ngumi. Watu wakisikia hivyo hucheka, au huniombea. Mkono uliokatwa utakunjaje ngumi? Hata mimi ningecheka kama ngumi ingekuwa ya mwenzangu. Lakini ilikuwa yangu. Kucha zake zilikuwa zinanichoma kiganjani, kiganja ambacho sijui hospitali walikipeleka wapi, na kwa miaka mingi nilichokitaka duniani kilikuwa kimoja tu: kuifungua.

Nianze na kazi, maana yote yalitoka kazini.

Nilikuwa mpiga pasi katika kiwanda cha kufua nguo za mahoteli na mahospitali. Usifikirie pasi ya mkono. Pasi yetu ilikuwa rola la chuma refu kuliko kitanda, lina moto wa mvuke ndani, linazunguka kutwa, linameza shuka lenye majimaji upande huu na kulitema kavu upande wa pili. Shuka pana halilishwi na mtu mmoja. Husimama wawili bega kwa bega. Mimi nilikuwa kushoto, na kulia kwangu alikuwa Chiriku.

Jina hilo tulimpa sisi, kwa mdomo wake. Angeweza kuanza kisa kwenye shuka la kwanza asubuhi na akawa bado hajafika katikati tukienda kula. Tulianza kazi pamoja tukiwa wasichana, tukaolewa tukiwa pale pale, tukanenepa pale pale. Mkono wangu wa kushoto ulishika pembe ya kushoto ya shuka, mkono wake wa kulia ukashika pembe ya kulia, na mikono miwili ya katikati, wangu na wake, ilinyoosha makunyanzi kabla rola halijachukua. Hatukuwa tunaangaliana usoni. Tulikuwa tunaangalia mikono. Jioni nilikuwa sijui upi ni wangu. Siku moja kiganja kiliniwasha, nikaanza kukuna cha kwake.

"Hapo hapo, shoga," akasema. "Nilikuwa naona uvivu kujikuna."

Mbele ya rola kulikuwa na chuma cha kinga. Ukikigusa, rola husimama. Shida yake, kila pindo nene la shuka nalo lilikigusa, rola likasimama, na msimamizi akaja akifoka. Kwa hiyo kila asubuhi tulikifunga juu kwa utepe wa shuka lililochanika, tukapiga na fundo zuri kama la kilemba. Msimamizi aliliona fundo, akapita. Kinga yetu ikabaki swichi nyekundu ukutani, upande wa Chiriku. Tukajiwekea sharti sisi wenyewe: wa kulia haondoki. Akitaka kuondoka, hata kwenda kujisaidia, rola linazimwa kwanza.

Dereva wa gari la nguo chafu alikuwa mume wangu. Alikuwa mtu wa maneno matamu na honi ndefu. Siku ile honi ililia nje, nami nilikuwa nalisha foronya, kazi ambayo mtu mmoja anaiweza.

"Nakuja sasa hivi," Chiriku akaniambia. "Endelea na hizo ndogo."

Rola hakulizima. Foronya zikaisha, ndani ya kapu kukawa na mashuka, na nyuma ya rola wakunjaji wakaanza kuuliza kama tumelala. Nikalitandaza shuka peke yangu. Mkono wa kushoto ukashika pembe yangu, wa kulia nikaunyoosha mpaka mahali pa Chiriku, mahali ambapo haukuwahi kufanya kazi. Rola likashika vidole.

Mkono ulijivuta kabla sijajua ninaungua. Haukufua dafu. Wa kushoto ukaruka kuuokoa, nao ukaacha vidole viwili vimepinda mpaka leo. Nililiita jina la Chiriku, nikaita swichi. Akaja mbio kutoka mlangoni, kicheko bado kiko mdomoni, hakijapata nafasi ya kushuka. Nyuma yake alisimama mume wangu, anazungusha ufunguo wa gari kidoleni.

Wakati ule sikuwaza kitu. Mawazo yalikuja hospitali, moja moja, kama matone ya bomba lisilofungwa vizuri. Msimamizi alikuja kunitazama akaniuliza nani aliniambia nifunge kinga. Mume wangu alinitembelea mpaka bendeji ilipotolewa, akakiona kigutu, kisha akahamishia nguo zake kwa Chiriku. Wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Na mimi nilikuwa napiga pasi nguo kutwa, sikukiona.

Nikaenda kukaa kwa mdogo wangu wa kike. Yeye ni msusi, anasukia sebuleni kwake, wateja wanakaa chini kwenye mto na mimi nawashikia nywele za kuongezea, namgawia nyuzi kwa mkono wa kushoto. Ni mtu mzuri mwenye mdomo mbaya. Siku za kwanza nilipogoma kufanya lolote alinirushia kitana.

"Kidole kimoja hakivunji chawa," akasema, "lakini wewe unavyo vitano, na vitatu havina kasoro. Shika hiyo."

Nikashika. Lakini ule mwingine ulikuwa umeshika tayari, haukuachia. Kila kukicha ngumi ilikuwa pale, hewani, mbele ya kigutu, imekaza mpaka mshipa wa shingo unauma. Nikiwa naongea na mteja ghafla nilinyamaza nikauma meno, na mteja akadhani amenikosea.

Asubuhi moja nilikuwa nanawa uso. Maji yakatiririka shavuni, na nikayasikia yanatiririka kwenye dole gumba. Dole gumba la kulia. Nikasimama na sabuni machoni. Nikajigusa tena shavu: dole gumba. Nikashuka chini kidogo karibu na taya: kidole kidogo. Nikamwita mdogo wangu nikamweleza.

"Labda mkono umerudi kukusalimia," akasema, lakini hakucheka.

Tokea hapo nikawa na siri yangu. Wateja wakiondoka nilikaa dirishani nikajipapasa shavu. Nilipitisha pembe ya kanga shavuni na kusikia nguo vidoleni. Ungeniona ungesema nina jino linauma. Sikuwa na jino. Nilikuwa naukumbuka mkono ule kama mtu anavyomkumbuka mtoto aliye mbali. Ulijua joto la shuka linapotoka tu kwenye rola, asubuhi za baridi, tunapolikumbatia kidogo kabla msimamizi hajaingia. Ulijua kupima chumvi bila kijiko. Ulijua pia, na hili liliniudhi, vifundo vya vidole vya Chiriku, vinavyogonga vyangu katikati ya shuka.

Mdogo wangu ndiye aliyenipeleka hospitali, kwenye chumba cha mazoezi ya viungo. Nilitegemea kumkuta mzee wa miwani. Nikakuta mtaalamu mwenyewe ni binti mdogo mwenye viatu vinavyolia sakafuni, anatafuna ubani. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo madaktari watatu wa kabla yake hawakulifanya.

"Mama, mkono ndio uliokatwa," akasema. "Anayeuendesha hakukatwa." Akanigusa kichwani kwa kidole. Kisha akakishusha kidole kisogoni na mgongoni mpaka kiunoni. "Ubongo uko juu. Katikati ya mifupa hii ya mgongo inashuka kamba moja nene kama kidole changu kidogo. Kutoka kwenye kamba hiyo mishipa ya fahamu inatoka kulia na kushoto, inagawanyika, inagawanyika tena, mpaka kwenye ncha ya kila kidole. Mingine kazi yake ni kupeleka habari juu: hapa moto, hapa baridi, hapa panauma. Mingine inaleta amri chini: kunja, kunjua, shika, achia."

"Na moyo unaamriwa na nani?" mdogo wangu akauliza. "Maana wa dada umekataa amri siku nyingi."

"Hiyo idara nyingine. Moyo, tumbo, jasho, hivyo havingoji ruhusa ya mtu. Ingekuwa tunapumua kwa kukumbuka, tungekufa wote usingizi wa kwanza."

Nikamuuliza jambo lililokuwa likinikera. Kwa nini mkono ulijivuta kabla mimi sijajua kwamba naungua? Nani aliuambia?

"Habari ya moto ikifika kwenye uti wa mgongo, amri ya kuvuta inarudi kutoka pale pale. Haipotezi muda kwenda kichwani. Ubongo unakuja kuambiwa baadaye."

"Kama mke," nikasema. "Mambo yakiisha ndipo anaambiwa."

Aliacha kutafuna ubani. Akaendelea kwa sauti ya chini. Alinieleza kwamba juu ya ubongo kuna ukanda wenye ramani ya mwili mzima, kila kiungo kina mtaa wake, na mkono wa kulia mtaa wake uko upande wa kushoto, kwa sababu njia zinapishana. Mtaa wa mkono umepakana na mtaa wa uso. Mkono ulipoacha kuleta habari, mtaa wake haukubomolewa. Ulibaki na taa zinawaka, haupati mgeni, na jirani akaanza kupitisha watu wake humo. Ndiyo maana maji ya shavuni nayasikia doleni.

"Amri ya mwisho mkono uliyopewa ilikuwa ipi?" akauliza.

"Shika," nikasema. "Nilikuwa nimeshika shuka."

"Basi. Ubongo unatuma amri ya kushika, haupati jibu kwamba mkono umeshika. Unatuma tena, kwa nguvu zaidi. Sisi wenyewe hatujayajua yote, mama, lakini tunajua kwamba macho yanaweza kuupelekea jibu."

Akaleta kioo. Akakisimamisha katikati ya meza, kigutu nyuma, mkono mzima mbele, ili nikitazama kioo nione mkono wa kushoto umekaa mahali pa ule wa kulia. Kwa wengine, akasema, wakifungua mkono mmoja, kioo kinaonyesha yote miwili imefunguka, na ubongo unaridhika. Kwangu kioo kilionyesha vidole viwili vilivyopinda. Nikakunjua, vikabaki vimepinda. Ngumi ikakaza mpaka nikakipindua kioo kifudifudi.

Hakukata tamaa. Alisema mkono wa mtu mwingine nao unaweza kufaa, kama macho yatakubali kuuchukua. Akamkalisha mdogo wangu kulia kwangu, akatufunika shuka mabegani sote wawili, mkono wa mdogo wangu ukatokeza mahali ambapo wangu ungetokeza. Una mafuta ya nywele, una rangi ya kucha, hautulii.

"Huu si mkono wangu," nikasema.

"Kweli si wako, ni wangu. Nakuazima tu. Ungekuwa wako ungeosha vyombo."

Binti akacheka mpaka akafuta macho. Lakini ngumi haikusogea. Akatutoa shuka, akalikunja, kisha akauliza kama yupo mtu mwingine, mtu ambaye macho yangu yamezoea mikono yake.

"Hayupo," nikasema.

"Yupo," mdogo wangu akasema.

Njia nzima tuligombana.

"Ukimleta huyo mwanamke nitalala barabarani," nikamwambia.

"Lala. Na ngumi yako uiazimie blanketi."

Tulipofika nyumbani ndipo aliponiambia alichokuwa amekificha. Yule dereva alikuwa ameshamwacha Chiriku pia, zamani, akahamia kwa mwingine. Chiriku alitoka kiwandani, sasa anafulia watu kwa mikono, nyumba kwa nyumba. Habari hiyo niliingoja miaka. Nilikuwa nimejiandalia namna nitakavyocheka. Ikanikuta nachambua nywele kwenye kitana, nikaendelea kuchambua.

Niseme ukweli. Mume wangu nikimkumbuka, nakumbuka harufu ya dizeli, basi. Hakuacha pengo lolote ambapo siwezi kuweka kiti. Lakini yule mwongo wa kulia kwangu alikuwa hapo kila nilipokaa, upande ule ule wa kigutu. Nikisikia jambo la kuchekesha niligeuka kulia kabla sijakumbuka. Hiyo nayo nadhani ni amri inayotoka mgongoni, haipiti kichwani.

Siku kadhaa zikapita, ngumi ikanikosesha hata kula.

"Mwambie aje," nikasema. "Lakini asiseme kitu."

"Chiriku asiseme kitu?" Mdogo wangu aliweka uzi chini. "Dada, afadhali nimwambie asipumue."

Alikuja. Alisimama mlangoni pa chumba cha mazoezi na mkoba wake ameukumbatia, amekonda, mvi zimemshika masikioni. "Hujambo, shoga," akasema. Nilimwambia binti, "Mwambie akae kulia."

Akakaa. Binti akatufunika shuka. Mkono wake wa kulia ukatokeza mezani, na mimi niliujua mkono ule kama ninavyoujua mlango wa kwetu. Ngozi ilikuwa imepasuka kwa sabuni. Kwenye kifundo kulikuwa na alama ya mvuke, ile aliyoipata akicheka badala ya kutazama.

"Mama, utazame mkono, usimtazame mtu," binti akasema. "Na wewe, mama mwenzake, kunja ngumi. Kaza. Kaza zaidi."

Akakaza, vifundo vikawa vyeupe. Nikaisikia ngumi yangu ndani ya ile yake, kama mguu ndani ya kiatu.

"Sasa fungua, polepole."

Akafungua. Yangu haikufunguka. Tukarudia, haikufunguka. Chiriku alikuwa ametii, amebana midomo kama mtoto anayenyweshwa dawa, na pumzi zake nilikuwa nazisikia begani. Binti akafikiri, akaondoa kila kitu mezani, akatandaza taulo lililojaa makunyanzi. "Linyoosheni," akasema. "Mlivyokuwa mnafanya."

Mkono wangu wa kushoto ukashika pembe ya kushoto. Mkono wake ukashika ya kulia. Tukavuta. Tukanyoosha kuelekea nje, tukarudi katikati, tukanyoosha tena. Na Chiriku, sidhani kama alijua anachofanya, akaanza kusema. "Unajua yule msimamizi sasa ana bosi mwanamke? Anatumwa chai. Mimi nilipita kiwandani nikamkuta kabeba birika, kanikunjia uso kana kwamba mimi ndiye niliyempa." Akaendelea, chai ikamwagika, bosi akafoka, na mkono wake unakwenda na kurudi, unakwenda na kurudi.

Kidole kidogo kilianza. Kisha cha pete. Kisha vyote, kimoja baada ya kingine, kama watu wanaoamka. Joto likaingia kiganjani. Mkono wangu ulikuwa wazi juu ya taulo, na mahali pake kulikuwa na mkono wa Chiriku tu. Sikulia. Jasho lilinitoka mpaka shuka likanigandia mgongoni.

Chiriku akanyamaza. "Imefunguka?"

Nilikuwa na swali langu, nilitembea nalo tangu hospitali, na sikujua kama nitapata tena nafasi akiwa amekaa upande ule.

"Siku ile mlangoni," nikasema, "alikuwa anakuchekesha nini?"

Chiriku aliliachia taulo.

"Sikumbuki," akasema. "Miaka yote hii nimejaribu. Nafua nguo za watu nakumbuka. Nakumbuka honi, nakumbuka jua pale mlangoni, nakumbuka nilivyocheka. Alichosema sikumbuki hata neno moja."

Ningependa angesema uongo. Angetunga kitu, kisa kirefu, kama zamani. Mkono wangu ulikwenda kwa mzaha ambao hata aliyeucheka hakubaki nao. Nilivua shuka begani nikasimama, nikaenda nyumbani bila kuaga.

Lakini usiku ule nililala. Wiki iliyofuata nikarudi, naye akarudi. Sijamsamehe, na anajua. Hatuzungumzi habari hiyo. Tunanyoosha taulo, anasema, mimi nasikiliza, mara nyingine namkosoa. Binti alituambia ubongo hujifunza kwa kurudiarudia. Ukiona mara nyingi kwamba mkono umeachia, utaacha kutuma amri. Akasema siku ikifika sitahitaji mkono wa mtu.

Aliyosema yalikuwa kweli. Ngumi ilianza kubaki wazi nikifika nyumbani, kisha siku nzima, kisha siku mbili. Maumivu yakapungua mpaka nikaanza kusahau kuyangojea. Jambo ambalo binti hakuniambia mapema ni kwamba mkono wenyewe nao ungeondoka. Ulianza kufupika. Vidole vilisogea karibu na kigutu, kiganja kikafuata, kama mtu anayeondoka kinyumenyume ili usione mgongo wake. Siku moja nilinawa uso, maji yakatiririka shavuni, yakawa maji ya shavuni tu. Nikasimama pale kwenye beseni nikajipapasa taya, kidevu, chini ya sikio. Hapakuwa na mtu.

"Vizuri, mama," binti aliniambia nilipomdokezea kidogo. "Ubongo unakubali." Yeye ni kijana. Kwake kukubali ni jambo zuri.

Jana ilikuwa siku yetu. Nilifika mapema nikakaa kwenye benchi, kigutu chepesi, hakina kitu mbele yake, hakiumi popote. Chiriku aliingia na mkoba wake, mikono imevimba kwa maji, akasimama mbele yangu bila kukaa.

"Mdogo wako ameniambia unalala vizuri siku hizi," akasema. "Nikafikiri pengine leo ndiyo mwisho. Imeachia kabisa?"

Binti alikuwa anatandaza taulo. Alinitazama, nikaona kwamba anajua, nikaona pia kwamba hatasema.

"Bado," nikamwambia Chiriku. "Imekaza kuliko wiki iliyopita."

Akaweka mkoba sakafuni, akavuta kiti, akakaa kulia kwangu.